Simamisha Kabla ya Jibu: Kufundisha Sayansi kwa Filamu Fupi Isecheno

Mwaka wa 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vifaa vya kidijitali katika shule za msingi za umma: tableti za watoto, laptopu za walimu na projekta. Kama unafundisha katika shule ya umma upande huu wa msitu wa Kakamega, kuanzia soko la Shinyalu hadi kituo cha msitu cha Isecheno, huenda projekta hiyo ingali kabatini, kufuli juu yake, ufunguo kwa mwalimu mkuu. Halafu mwaka wa 2023 gredi ya saba ikaletwa katika boma hilohilo la shule ya msingi, na pamoja nayo masomo ya sayansi yanayodai maabara ambayo shule nyingi hazina.

Kwa hiyo kifaa kipo na haja ipo. Shida ni kwamba filamu inaweza kulikalisha darasa kimya dakika arobaini, watoto wakafurahi, na kesho yake ukauliza swali usipate jibu. Mwongozo huu ni wa mwalimu mmoja mwenye filamu ya dakika tatu na kipindi kimoja. Ukishika jambo moja tu humu, shika hili: kitufe cha kusimamisha picha ndicho kinachofundisha.

Hatua ya kwanza: Jiulize kama filamu inahitajika

Filamu inafaa kwa kitu ambacho jicho au mkono haukifikii: kilicho cha kasi mno, cha polepole mno, kidogo mno, cha mbali mno au cha hatari. Unyoya ukianguka mahali pasipo na hewa. Buu akigeuka kipepeo. Daraja likivunjwa na upepo. Filamu ya Charles na Ray Eames iitwayo *Powers of Ten*, ya mwaka wa 1977, inamtoa mtazamaji kwenye mkeka wa watu walio pikiniki hadi kwenye makundi ya nyota, kisha inamrudisha hadi ndani ya atomu, yote kwa dakika tisa. Hilo huwezi kulifanya kwa chaki.

Wenzo hauhitaji filamu. Toroli iko nje. Sumaku utaipata kwenye spika mbovu kwa fundi wa redio. Walimu waliopitia SMASSE, mafunzo ya walimu wa sayansi na hisabati yaliyoanza mwaka wa 1998 kwa msaada wa Japani na ambayo sasa yako chini ya kituo cha CEMASTEA, wanakumbuka msisitizo wake: mwanafunzi afanye jaribio mwenyewe, na kifaa kikikosekana mwalimu abuni kingine. Filamu isichukue nafasi ya jaribio linalowezekana. Mwalimu anayeonyesha video ya maji yakichemka ilhali jikoni kwa mpishi wa shule kuna sufuria na moto, huyo anapumzika tu.

Hatua ya pili: Chagua, kisha itilie shaka

Pa kutafutia hapakosi. Taasisi ya mitaala, KICD, ina masomo yake kwenye Kenya Education Cloud. Kwa watoto wadogo kuna *Ubongo Kids*, katuni za Kiswahili zilizoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka wa 2014. NASA inaweka picha zake za anga wazi kwa umma. PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado, si filamu hasa. Ni michezo ya fizikia inayochezwa kwenye kompyuta, baadhi imetafsiriwa kwa Kiswahili, na ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti. Shule ikitaka kuweka masomo mengi mahali pamoja kwa matumizi ya bila mtandao, programu ya bure ya Kolibri ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Pakua kila kitu ukiwa mjini Kakamega au popote penye mtandao mzuri, ukiwa na bando la kutosha. Usipange somo linalotegemea intaneti hai karibu na msitu. Utaaibika mbele ya watoto.

Tafuta kipande cha dakika mbili hadi tano. Kama filamu ni ya nusu saa, chagua dakika tatu zake na uandike zinaanzia wapi na kuishia wapi.

Sasa itazame yote, mpaka mwisho, ukiwa na kalamu, maana picha inaweza kuwa ya kweli na maelezo yakawa ya uongo. Daraja la Tacoma Narrows kule Marekani lilianguka tarehe 7 Novemba 1940, na filamu yake inaonyeshwa katika madarasa ya fizikia duniani kote. Msimuliaji mara nyingi husema upepo ulilipiga daraja kwa mdundo uliolingana na mtetemo wake wa asili, basi. Mwaka wa 1991 Yusuf Billah na Robert Scanlan walieleza kwa nini jibu hilo ni rahisi kupita kiasi: upepo ulikuwa mmoja, wa mfululizo, na daraja lenyewe kwa kujipinda ndilo lililokuwa likizalisha kani iliyozidi kulipinda.

Mfano wa karibu zaidi ni ule wa ikweta. Mstari huo unapita kusini kidogo ya Isecheno. Ukienda Maseno utaikuta alama yake barabarani. Kwenye mitandao kumejaa video za mtu mwenye beseni lenye tundu: hatua chache kaskazini maji yanazunguka upande mmoja, hatua chache kusini yanageuka. Mzunguko wa dunia kweli huathiri maji, lakini kwa beseni athari yake ni ndogo mno. Mwaka wa 1962 Ascher Shapiro wa MIT alilazimika kuyaacha maji yatulie saa 24 katika tangi pana ndipo aione. Anayemwaga maji katika beseni sasa hivi mbele ya watalii huyapa mzunguko kwa namna anavyoyamimina. Video hiyo usiitupe. Onyesha, kisha uwaulize watoto watagunduaje kama mtu huyu anawadanganya.

Na angalia namba zisizo zetu. Filamu nyingi zitasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Isecheno iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kipimajoto chenu kitasoma karibu 95. Mtoto aliyeona 100 kwenye filamu na 95 kwenye sufuria atadhani kipimajoto ni kibovu. Mwandae.

Hatua ya tatu: Tayarisha chumba, na utazame mawingu

Fanya kipindi cha filamu asubuhi. Sababu si wepesi wa akili asubuhi, ni mabati. Upande huu mvua hupenda kunyesha alasiri, na ikianza kupiga paa hakuna spika ya shule itakayosikika. Tena huja na radi. Wingu likianza kunguruma chomoa kila kitu ukutani, projekta na laptopu pia, hata kama mmefika patamu.

Giza kamili halihitajiki. Ziba madirisha ya upande wa jua kwa magunia au leso, na utundike shuka jeupe lililopigwa pasi kwenye ukuta usiopigwa na mwanga. Kwa kipimo, mtoto wa nyuma kabisa asikae mbali zaidi ya mara sita ya upana wa picha: shuka la mita moja na nusu linatosha hadi mita tisa. Pima kabla watoto hawajaingia. Ukimaliza, zima projekta kwa kitufe chake na uache feni izunguke mpaka isimame yenyewe ndipo uchomoe. Kuikatia stima ghafla huua taa yake mapema, na taa hiyo ni ghali.

Stima ikipotea, au shule isipokuwa na projekta, laptopu moja yenye chaji inatosha watoto wanane waliokaa nusu duara. Zungusha makundi. Wengine wafanye jaribio la mkono wakati wenzao wanatazama.

Hatua ya nne: Onyesha, simamisha, uliza

Hapa ndipo pa kukaa. Nitatumia filamu moja ili uone mwendo wake.

Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 alisimama juu ya mwezi mbele ya kamera, nyundo mkono mmoja, unyoya wa kozi mkono wa pili, akaviachia kwa pamoja. Kipande chote hakifiki dakika moja.

Zima sauti. Onyesha mpaka pale mikono imenyooshwa na vitu vyote viwili vinaonekana. Simamisha. Swali: kipi kitatua kwanza? Usipokee jibu kwa mdomo, kwa sababu hodari wa darasa akishasema, wote watamfuata. Kila mtu aandike daftarini mwake herufi moja: N ya nyundo, U ya unyoya, au S ya sawa, pamoja na sababu kwa mstari mmoja. Halafu amgeukie jirani wabishane. Waache wabishane kwa Kiluhya kama ndicho kinachowajia. Kiingereza cha mtihani kitafuata. Kisha mikono juu, hesabu, andika kura ubaoni.

Sasa iachie picha. Usiseme neno. Rudisha, onyesha tena. Bado usiseme.

Baada ya kelele kutulia, uliza swali la pili ambalo filamu haikulitaja: mbona vilishuka taratibu hivyo? Wapo watakaosema picha imepunguzwa kasi. Hilo ni wazo zuri na linapimika: warudie kipande chote wakitazama mikono na mwili wa Scott, siyo nyundo. Anasogea kama mtu wa kawaida aliyevaa nguo nzito. Basi kilichopungua ni mvutano. Mwezini ni kama sehemu moja ya sita ya ule wa duniani.

Kura hii ya daftarini usiione mchezo. Mwaka wa 2004 Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao wa Harvard walichapisha utafiti kuhusu majaribio yanayoonyeshwa darasani. Wanafunzi waliotazama tu hawakuelewa zaidi kwa kiasi cha maana kuliko wale ambao hawakutazama kabisa. Waliotakiwa kubashiri kwanza walielewa zaidi, na kubashiri kuliongeza dakika mbili hivi. Naye Derek Muller, katika tasnifu yake ya mwaka wa 2008 Chuo Kikuu cha Sydney, alikuta jambo linaloudhi: wanafunzi waliotazama filamu yenye maelezo safi, yaliyonyooka, waliisifu kuwa inaeleweka, na alama zao hazikupanda sana. Filamu iliyoanza kwa kutamka mawazo potofu na kuyapinga iliwachanganya, nao wakajifunza zaidi. Kwa hiyo darasa likikuambia “tumeelewa, mwalimu” kwa sauti moja tamu, shuku.

Kuhusu kuzima sauti: wazo la kutenganisha picha na maneno lina historia kwetu. Kati ya 1935 na 1937 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu na kuzizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Maelezo yalikuwa kwenye santuri, mbali na filamu, hivyo picha ileile iliweza kusema Kiswahili huku, Kiganda kule. Nia ya mradi ilikuwa ya kikoloni, mtazamaji akichukuliwa kama mtu wa kuambiwa, asiyeulizwa. Lakini mbinu ya santuri ni nzuri, na leo santuri ni wewe. Msimuliaji wa Marekani anasema haraka, kwa lafudhi ngumu, na kibaya zaidi hutoa jibu mapema. Mnyamazishe.

Acha dakika chache za mwisho kwa maswali yaliyoandikwa kwenye vikaratasi, bila jina, ili anayeuliza asichekwe. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mwaka wa 1963 alipoona mchanganyiko wake wa aiskrimu ukiwa moto unaganda kabla ya uliopoa. Alichekwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye badala ya kucheka alikwenda kulijaribu, na mwaka wa 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana juu yake hadi leo.

Hatua ya tano: Rudia kwa mkono, siku hiyohiyo

Kitabu na kipande cha karatasi. Viachie kando kwa kando: karatasi inachelewa. Weka karatasi juu ya kitabu, isitokeze ukingoni, uachie: vinatua pamoja. Wakisema kitabu ndicho kinachoizuia hewa isiifikie karatasi, wamekwisha kujifundisha somo.

Hatua ya sita: Tengeneza ya kwenu

Simu ya kawaida hupiga fremu 30 kwa sekunde. Hiyo ni saa nzuri kuliko saa yoyote iliyomo shuleni.

Anza na mpira unaoanguka. Chora kwenye ukuta wa nje vipimo kila sentimita 10, sifuri ikiwa juu, hadi mita mbili. Fanya nje mchana, kwenye kivuli chepesi: ndani gizani simu nyingi za bei nafuu hupunguza fremu kimyakimya na hesabu yote huharibika. Simu ikae juu ya kiti, imeegemezwa tofali, mita tatu kutoka ukutani, kwenye kimo cha katikati ya vipimo; ukiishika mkononi picha itacheza. Mtoto mmoja apande kwenye dawati aachie mpira karibu kabisa na ukuta, bila kuusukuma.

Hamishia video kwenye laptopu, uifungue kwa programu ya VLC. Kila ukibonyeza herufi E picha inasogea fremu moja. Tafuta fremu ya mwisho ambayo mkono bado umeushika mpira. Hiyo ndiyo sifuri. Sasa hesabu fremu tatu tatu, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kila mara msome mpira uko wapi. Mkifanya vizuri mtapata karibu sentimita 5, 20, 44, 78, 122, 176. Waambie watoe kila namba kwenye inayofuata: 5, 15, 24, 34, 44, 54. Wagawanye kwa tano: 1, 3, 5, 7, 9, 11, hapa na pale ikipungua kidogo. Ni namba witiri kwa mpangilio, kama Galileo alivyozikuta bila kamera wala saa ya maana. Namba zenu zitayumba. Mpira utaonekana kama ukungu mrefu chini, kwa kuwa unakwenda kasi. Bishaneni msome ukingo upi, juu au chini, na mshike huohuo mpaka mwisho.

Mkishazoea hilo, tafuteni mambo ambayo filamu ya ng’ambo haitawaletea. Ngoma za isukuti za Waisukha na Waidakho, ambao dansi yao ya isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka wa 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, zina ukubwa tofauti, na kila moja ina sauti yake. Nyunyiza mchele kidogo juu ya ngozi, piga pembeni, rekodi kwa mwendo wa polepole: sauti inaonekana ikirusha mchele. Programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa chuo cha RWTH Aachen, Ujerumani, itawaonyesha marudio ya kila ngoma. Mwombeni mpigaji kwanza. Hizi si vyombo vya maabara.

Radi nayo irekodiwe kutoka ndani, kwa simu isiyo kwenye chaji, kupitia dirishani. Hesabuni sekunde toka mwanga hadi mngurumo: kila tatu ni karibu kilomita moja.

Filamu ninayoipenda kuliko zote ni ya fahali wanaopiganishwa, mchezo unaojulikana sana upande huu. Mwalimu aipige mwenyewe, akiwa mbali na salama, watoto wabaki shuleni. Tafuta sekunde ile fahali wawili wamefungana pembe na hakuna anayerudi nyuma. Simamisha. Baadaye tafuta pale mmoja anapoanza kusukumwa. Simamisha tena. Swali: anayeshinda anamsukuma mwenzake kwa kani kubwa kuliko anayosukumwa nayo? Karibu darasa zima litaandika ndiyo, na watoto wa Shinyalu watakutazama kama mtu asiyejua mambo. Kwa mujibu wa Newton kani hizo mbili ni sawa, wakati wote, hata yule mmoja anapokimbia kinyumenyume. Sasa irudishe picha, na safari hii wasitazame pembe. Watazame kwato. Anayeshinda ardhi inamsukuma mbele kuliko anavyosukumwa nyuma. Anayeshindwa kwato zake zinateleza matopeni. Ndipo mtoto mmoja atauliza kwa nini fahali mzito hushinda mara nyingi, na msuguano utakuwa umejileta wenyewe darasani.

Kabla ya kupiga picha ndani ya msitu, pita kituo cha Isecheno upate ruhusa ya Huduma ya Misitu. Waelekezaji wa KEEP, kikundi cha wenyeji kinachofundisha mazingira hapohapo, wanajua kima wanarukia wapi na vipepeo wanataga kwenye majani gani. Nyuso za watoto zisitoke nje ya shule: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na kwa kazi hii mikono na mpira vinatosha.

Hatua ya saba: Hifadhi

Ipe kila video jina la swali lake, siyo tarehe: “fahali-nani-anasukuma-zaidi” litaeleweka kwa mwalimu atakayekuja baada yako, “VID_0047” halitaeleweka hata kwako. Weka nakala moja kwenye laptopu ya shule na nyingine kwenye kadi ya kumbukumbu isiyotoka ofisini, kwa sababu flashi za walimu huzunguka saiba zote za soko na kurudi na virusi. Kando ya kila video weka faili ndogo ya maandishi: dakika na sekunde ya kusimamisha, swali la kuuliza, na kura za darasa la mwaka huu.